Pengo la Michongoma

Mlango wa mbele wa nyumba yetu ulikuwa wa wageni wa heshima na habari mbaya. Padri alipita hapo alipokuja kubariki nyumba. Karani wa sensa alipita hapo. Siku baba alipozikwa watu walipita hapo, wakavua viatu kibarazani mpaka viatu vikafika kwenye maua. Siku nyingine zote mlango ule ulifungwa kwa komeo, na pazia lake lilining'inia bila kuguswa, limenyooka kama sare ya mtoto siku ya kwanza ya shule. Sisi tuliishi kwa mlango wa nyuma.

Mtaa wetu uko pembeni mwa Songea, upande wa barabara ya kwenda Peramiho. Viwanja vilipopimwa, waliopewa walikuwa walimu, makarani, manesi na wafanyabiashara wadogo wa sokoni, watu waliojenga polepole, chumba kimoja mwaka huu, kingine Mungu akipenda. Nimekulia katika nyumba isiyopigwa lipu. Tofali za kuchoma zilikuwa nyekundu ndani na nje, na mvua ilipozilowanisha zilitoa harufu ambayo hadi leo nikiisikia mahali popote natafuta kwa macho mahali mama alipo. Asubuhi za mwezi wa sita ukungu ulishuka kutoka Matogoro ukakaa uani kwetu kama mtu aliyekuja kuomba moto. Tulikunywa uji tumejifunga mashuka mabegani, tukapumua moshi, tukajifanya wavuta sigara.

Upande wa nyuma kiwanja chetu kilipakana na kiwanja cha familia iliyotoka Nakapanya, kule Tunduru. Sisi tuliutazama mtaa mmoja, wao waliutazama mtaa mwingine, na migongo ya nyumba zetu iligusana kwenye mpaka wa michongoma. Kwa njia ya barabara, ili ufike kwao, ilibidi utoke getini, upite nyumba sita, ukate kona dukani, upite nyumba sita tena. Kwa njia ya ndege ilikuwa hatua kumi.

Baba wa nyumba ile aliuza kanga na vitenge sokoni. Mkewe, ambaye watoto wote wa mtaa tulimwita Mama Jirani, alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Alimwita mama yangu Nesi, kwa sababu mama alikuwa nesi wa zahanati, na anamwita hivyo hadi leo ingawa mama amestaafu zamani. Mama naye alimwita Mwenzangu.

Nilikuwa na miaka minne, kwa hiyo hadithi ya pengo nimeipata kwa kusimuliwa, mara nyingi mno kiasi kwamba nadhani nimeiona. Alasiri moja ya mvua kubwa mtoto wa Mama Jirani alishikwa na degedege. Akambeba mgongoni, akakimbia. Alizunguka nyumba zile kumi na mbili kwenye tope, akaanguka dukani, akainuka, akafika kwetu mwekundu kuanzia kichwani hadi miguuni, mama hakumtambua. Mtoto alipona. Leo ni dereva wa lori, ana kitambi, na akipita Songea anamsalimia mama kwa kupiga magoti. Lakini siku ya pili yake, mvua ilipokatika, baba yangu, mwalimu asiyependa maneno mengi, alichukua panga akaenda kwenye michongoma akaanza kukata. Mama akamuuliza anafanya nini.

"Haiwezekani," baba akasema, "mtu aende kwanza Peramiho ndipo afike kwangu."

Akakata pengo la upana wa mtu mmoja mwenye ndoo kichwani. Upande wa pili, mume wa Mama Jirani alitoka na panga lake bila kuulizwa, akakata kuja huku. Walikutana katikati, wakapeana mikono iliyochanwa na miiba, kila mtu akarudi kwake kunywa chai.

Baada ya hapo mapengo yakaambukiza. Jirani wa kushoto akakata lake, wa kulia akakata lake, na nilipofika darasa la kwanza sisi watoto tuliweza kupita nyuma ya nyumba tano bila kugusa barabara. Njia ile ilikuwa na sheria zake, na sikumbuki mtu yeyote kutufundisha. Ukipita pengoni hupigi hodi, kwa sababu hodi ni ya anayekuja kwa barabara. Mwanaume mtu mzima anakohoa kidogo, basi. Ukiona banda la kuku limesahauliwa wazi, unafunga, hata kama kuku si wenu. Magharibi ikikukuta katika nyumba, unanawa mikono unakula, na hakuna anayekuuliza kwenu kumepikwa nini. Ukikosea unachapwa na mama aliye karibu. Mimi nimechapwa na akina mama watano, na Mama Jirani ndiye aliyekuwa na mkono mzito kuliko wote.

Jioni akina mama waliita watoto wao. Kila mmoja alikuwa na namna yake. Mmoja aliita kwa jina kamili kama anayesoma matokeo ya mtihani, mwingine alipiga mluzi, jambo ambalo mama aliliona halifai kwa mwanamke. Mama yangu hakuita. Aligonga mfuniko wa sufuria kwa mwiko, mara tatu, akanyamaza, akasikiliza. Na kutoka mahali fulani nyuma ya michongoma sauti ingemjibu: "Wako yupo huku, anakula." Basi. Mama alirudi jikoni. Nikiwa nimekaa kwenye mkeka wa watu, nikiwang'oa dagaa wa Nyasa vichwa, niliusikia mfuniko wetu na jibu lake, nikajua kwamba dunia nzima inafahamu nilipo. Sijawahi tena kulala usingizi kama wa siku zile.

Na kulikuwa na bakuli.

Lilikuwa bakuli la bati, la bluu, lenye mfuniko, rangi imebanduka ukingoni mahali pawili. Lilipita pengoni kwenda na kurudi, na halikurudi tupu hata siku moja. Mwezi wa Ramadhani lilikuja na futari, viazi vitamu vilivyopikwa kwa nazi iliyotoka mbali. Krismasi lilikwenda na wali na paja la kuku. Lilikwenda na uyoga mvua zilipoanza, likarudi na korosho. Lilikwenda na togwa, likarudi na kisamvu. Lilikwenda na masuku, yale matunda ya porini ambayo watoto tuliyafuata hadi mlimani na kurudi na vidole vinavyonata, na Mama Jirani aliyapenda masuku kuliko mtu yeyote niliyemwona, akila huku akimtania mama.

"Nyie Wangoni mna bahati, mnaokota vitamu bila jasho. Ndiyo maana mna muda wa kunywa pombe yenu ya komoni."

"Na nyie watu wa Tunduru," mama alijibu, "mkipata pesa za korosho mnawanywesha mbuzi soda."

"Mbuzi wetu wastaarabu, Nesi. Wenu wanakula nguo kwenye kamba."

Miaka ikapita hivyo. Baba akafariki, kisha baba wa nyumba ile naye. Watoto tukatawanyika. Kaka yangu akapata kazi Dodoma, mimi nikaenda Dar es Salaam kusoma, nikabaki huko kuandika na kutafuta riziki, nikapata binti. Wanawake wawili wakabaki, kila mmoja na nyumba yake kubwa, na pengo katikati. Kila Jumamosi asubuhi Mama Jirani alipita pengoni, akakaa kwenye kigoda cha jikoni, akanyoosha mkono, mama akampima presha kwa mashine yake ndogo. Wanawe waliorudi kuishi Nakapanya walimwomba ahamie kwao. Jibu lake lilikuwa lile lile: "Huko nani atanipima presha?" Kana kwamba Tunduru nzima hakuna mashine.

Nilirudi Songea binti yangu alipotimiza miaka sita. Kule Dar tulikaa vyumba viwili vya ghorofani kando ya barabara kubwa, na mtoto alikuwa hajawahi kuvuka geti bila mkono wangu. Alijua kucheza kitandani. Alijua kunong'ona, kwa sababu jirani wa ukuta wa pili alilalamika. Usiku mmoja nilimsikia akimwambia mwanasesere wake, "Usikimbie, utaanguka chini kwa watu," na kesho yake nilimpigia mama simu kumwambia tunakuja. Nilitaka apate nilichopata mimi. Nilikuwa na hakika najua ni kitu gani.

Wiki ya tatu baada ya kufika, alipotea.

Ilikuwa alasiri, mama ameenda kwenye sala ya jumuiya. Nilikuwa ndani naandika. Nilipoinua kichwa jua lilikuwa limeinama na uani hapakuwa na mtu. Nilitazama chooni, kwenye banda la kuku, chini ya kitanda. Kisha nikafanya vile ningefanya Dar: nikakimbilia barabarani. Nilifungua mlango wa mbele, ule wa komeo, nikatoka bila viatu. Nikasimamisha bodaboda, nikamwambia kijana tuelekee mjini, tukatazama kila mtoto mwenye gauni la njano hadi karibu na stendi, tukarudi, tukaenda upande wa Peramiho, tukarudi. Yule kijana alitazama miguu yangu mitupu, akakataa nauli.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa amesharudi na mtoto amekaa kizingitini, mdomo unang'aa mafuta. Alikuwa nyumba ya tatu, alikula ugali na samaki, alicheza na mapacha wa pale tangu saa tisa.

"Mbona hukugonga mfuniko?" mama aliniuliza.

Baadaye nilielewa kwamba nyumba nzima ya tatu ilijua mtoto yuko pale, na Mama Jirani alijua, na bibi wa nyumba ya nne alijua. Hakuna aliyekuja kuniambia kwa sababu hakuna aliyenisikia nikimtafuta. Kwenye mtaa wetu mama asiyeita ni mama anayejua. Lakini siku ile sikutaka kuelewa. Kichwa changu kilikuwa bado kimejaa ile saa moja na nusu ya barabarani, na usiku ule ule nikampigia kaka.

Kaka alikubali kabla sijamaliza. Alikuwa na wazo hilo siku nyingi: ukuta kuzunguka kiwanja chote, geti la chuma mbele. Mji unakua, alisema, na watu si wale wa zamani. Wiki iliyofuata lori likamwaga tofali mbele ya nyumba.

Nilimuuliza mama. Nataka niandike hilo, kwamba nilimuuliza. Alikuwa anachambua mchele.

"Mtoto ni wako," alisema, bila kuinua macho. "Na tofali ameshaleta kaka yako. Mimi nitazunguka."

Nilisikia ruhusa. Sikusikia goti lake, lililokuwa limemsumbua tangu mwaka uliopita na kumfanya ashike kuta akitembea.

Fundi aliyekuja alikuwa mwepesi na mcheshi, alijenga huku anaimba. Michongoma ilikatwa, ikachomwa. Alipofika upande wa nyuma Mama Jirani alitoka na chai ya tangawizi, akamwekea kikombe juu ya tofali. Hakulalamika. Alisimama mahali palipokuwa na pengo, mikono nyuma, akatazama uzi wa fundi.

"Shikamoo mama," nilisema kutoka upande wetu.

"Marahaba mwanangu. Ukuta wako umenyooka."

"Ni kwa ajili ya mtoto, mama."

"Ndiyo. Mtoto."

Ukuta ulikuwa umemfika kifuani. Kesho yake jioni niliona uso tu, kesho kutwa nikaona ncha ya mtandio wake ikipita kuelekea kamba ya nguo. Siku iliyofuata sikuona kitu. Binti yangu alirudi kucheza kitandani, nikajiambia ni baridi.

Mama alizunguka mara mbili. Mara ya kwanza alirudi amechoka lakini anacheka. Mara ya pili mwenye duka alimkalisha kwenye kreti la soda hadi maumivu ya goti yapoe, na akarudi nusu ya njia bila kufika. Baada ya hapo hakwenda tena. Jumamosi asubuhi mashine ya presha ilikaa mezani, mama akaifungua, akajipima mwenyewe, akaifunga. Jumamosi iliyofuata hakuifungua.

Jumatano moja, mvua za kwanza zimeshanyesha na ardhi inatoa ile harufu yake, tulikuwa jikoni sisi watatu. Sauti ikaja kutoka mbele.

"Hodi wenyewe."

Mama aliinuka ghafla, goti au si goti. Aliijua sauti, sote tuliijua. Alikwenda akihangaika na komeo, mikono ina unga, na mlango ulipofunguka hakusalimia.

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, Nesi," alisema Mama Jirani. Alikuwa amevaa baibui yake ya kutokea, na viatu vya kufunga vimejaa tope jekundu. "Nimekuja kukusalimu."

Tukamkaribisha sebuleni. Mwanamke huyu alikuwa akifunua sufuria zetu na kuchota mboga kwa mkono wake. Aliwahi kumfukuza nyoka jikoni kwetu kwa fagio, mama akiwa juu ya meza. Sasa alikaa kwenye ukingo wa kochi lenye kitambaa cha kufuma, magoti pamoja. Mara ya mwisho alipokaa hapo ilikuwa msiba wa baba. Na mama, sijui nini kilimpata, akamuuliza kama atakunywa soda.

"Maji yanatosha," alisema.

Alikuwa na mfuko. Akatoa humo bakuli la bluu, akaliweka juu ya meza. Binti yangu, aliyekuwa ameanza kuzoea mambo ya bakuli lile, aliwahi kufunua.

"Korosho ziko wapi?"

Bakuli lilikuwa limeoshwa, limekaushwa, na ndani hamkuwa na kitu.

Nilimwona mama akilitazama kwa muda mrefu kuliko bakuli linavyohitaji.

"Nimekurudishia chombo chako," alisema Mama Jirani.

"Si changu. Ni chako."

"Chako, Nesi. Kilikuja na uyoga, mwaka tuliohamia."

"Kilikuja na futari. Mimi sijawahi kununua bati la bluu maishani mwangu."

"Basi kama hakina mwenyewe kikae hapa." Alifuta kitu kwenye goti ambacho hakikuwepo. "Vijana wamepata gari. Jumamosi wananifuata. Nyumba watatafuta mpangaji."

"Nakapanya?"

"Nakapanya."

"Na presha?"

"Kila mahali kuna presha, Nesi. Mtu anakaa mahali kwa sababu ya kupita. Hapa sasa napita wapi?"

Hakusema kwa hasira. Hakunitazama hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma. Alikunywa maji yake, akasimama, mama akamsindikiza hadi getini, geti letu jipya linalolia. Niliwaona kupitia dirishani, wazee wawili wakiagana kwa kushikana mikono miwili kama watu waliokutana kwenye harusi ya mbali. Kisha yule mrefu akaanza safari ya nyumba kumi na mbili, akikwepa madimbwi.

Mama alirudi, akalichukua bakuli, akaligeuza chini juu.

"Angetia hata chumvi," alisema. Kisha akaongeza, "Ingawa nimemkataza chumvi."

Akaenda chumbani akafunga mlango. Nilibaki na mtoto sebuleni, mahali ambapo hatukai kamwe, na kwa mara ya kwanza niliuona ukuta wangu kwa ukubwa wake. Nilikuwa nimemrudisha binti yangu Songea ili apate kitu, halafu nikalipa watu wajenge ukuta uliokiacha kitu hicho nje. Kile nilichokumbuka kama usalama hakikuwahi kuwa mlango uliofungwa. Kilikuwa mfuniko na jibu lake.

Asubuhi mapema nilimfuata fundi. Alikuwa anapiga mswaki nje ya nyumba yake.

"Dada, lipu naanza Jumatatu, si tulikubaliana?"

"Sijaja kwa lipu. Nataka ubomoe."

Alitema povu. "Nibomoe ukuta wangu?"

"Mahali pamoja tu. Upana wa mtu mwenye ndoo kichwani."

"Dada yangu, nimejenga Songea hii mpaka nimechoka. Wewe ni wa kwanza kunirudisha kubomoa kabla saruji haijasahau maji." Lakini alishachukua nyundo.

Nilimwonyesha mahali. Haikuwa kazi kupajua. Chini ya ukuta, upande wetu, kipande cha njia kilikuwa bado hakijaota nyasi, kigumu na cheusi kwa miaka ya miguu, kikaenda moja kwa moja hadi kwenye tofali kikakoma. Fundi akaanza kugonga. Tofali la tatu lilipodondoka upande wa pili, sauti ile ya kuitia watu ng'ambo ya mto ikapasuka.

"Nani huyo anabomolea watu asubuhi?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Unabomoa nini?"

"Nilikosea, mama."

"Ulikosea vipimo?"

"Nilikosea ukuta."

Fundi alisimama, nyundo hewani, anasubiri kama mtu aliye katikati ya ugomvi wa ndoa ya wengine. Kupitia tundu niliona kanga, kisha jicho moja likainama kutazama.

"Fundi," alisema jicho, "chai utakunywa huku au huko?"

Hadi saa nne pengo lilikuwepo, lina kingo za meno meno, vumbi jekundu limetapakaa. Lakini Mama Jirani hakupita. Alisimama upande wake akatazama, akasema gari limeshapangwa, vijana wameomba ruhusa kazini, vyombo ameshafunga. Alisema asante, mwanangu. Akarudi ndani.

Nilimwendea mama nikamwambia nimechelewa. Mama alikuwa anafunga kitenge kiunoni.

"Nenda sokoni," alisema. "Tafuta masuku. Yaliyoiva vizuri, usiniletee ya kijani."

Nilipata kwa mwanamke aliyekuwa ameyatandaza kwenye gunia karibu na geti la soko, ya kwanza ya msimu, ngozi yake rangi ya kahawia ya viazi. Mama aliyapanga kwenye bakuli la bluu moja moja, akafunika. Akamwita binti yangu kwa macho, akampa.

"Mpelekee bibi. Mpe mkononi, rudi haraka. Usimwachie nafasi ya kukupa kitu."

Mtoto alipita pengoni mbio, ile mbio yake mpya ambayo hakuijua Dar, akarudi mikono mitupu.

"Amesema nini?"

"Amesema bibi ni mjanja."

Mama alikaa kwenye kigoda, akanyoosha mguu wenye goti bovu, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nilimwona akicheka peke yake. "Sasa tuone," alisema, "ataondokaje na chombo cha watu."

Jumamosi gari lilikuja. Tulisikia milango ikifunguka na kufungwa, sauti za wanaume, kitanda kikigonga mlango. Mama alikaa jikoni na mashine yake ya presha mezani, hakwenda kuchungulia, na mimi nilikatazwa. Kuelekea adhuhuri tulimsikia Mama Jirani akiwagombeza wanawe kwa Kiyao, kwa kirefu, na mama, ambaye kwa miaka yote hiyo amejifunza Kiyao cha kugombezwa, alinitafsiria huku anatabasamu: anawaambia hawana adabu, wanataka mama yao aonekane mwizi wa bakuli, na ndani hana hata punje ya kutia, korosho zote ziko shambani Nakapanya.

Alikwenda Nakapanya kweli. Alikwenda na begi moja, kitanda kikarudishwa ndani. Alikaa huko msimu wa korosho ukiendelea, na pengo likakaa wazi bila mtu, na kila asubuhi mama alifagia njia hadi ukutani, na hatua mbili upande wa pili. Hatukuwa na hakika. Watoto wa mtu wakimpata nyumbani kwao wana maneno mengi. Nilianza kuzoea kulitazama pengo lile kama kosa lililosahihishwa baada ya mtihani kukusanywa.

Alirudi siku ya mvua. Hakupiga hodi. Nilikuwa nimeupa mlango mgongo, nasonga ugali, nikasikia tu kigoda kikivutwa, na mkono wenye bangili ukawekwa mezani karibu na mashine.

"Nipime, Nesi. Hawa watoto wamenilisha chumvi."

Bakuli lilikuwa kwapani mwake, limejaa hadi mfuniko haukufunga.

Wanawe bado wanamwomba. Anasema mwakani. Nimegundua kwamba mama hamwachi aende mikono mitupu hata siku moja, na bakuli likiwa kwetu hulijaza siku hiyo hiyo, haraka, kwa chochote, hata maandazi mawili, alimradi likalale kule. Fundi hakupiga lipu kingo za pengo, anasema atakuja, na chini aliacha mstari mmoja wa tofali ambao wazee wote wawili wanaulalamikia. Geti la chuma mbele tunaliacha wazi kwa sababu linalia.

Jana jua lilikuwa linazama nyuma ya mikaratusi na mama alikuwa kanisani kwa mazoezi ya kwaya. Niliinua kichwa kutoka kwenye karatasi zangu, uani hapakuwa na mtu. Moyo ulipiga ule mpigo wa barabarani. Nilisimama. Nikaenda jikoni, nikachukua mfuniko wa sufuria na mwiko, nikatoka nje, nikagonga mara tatu. Ulitoa mlio mwembamba kuliko nilivyoukumbuka, na niliona haya kidogo, mtu mzima anayegonga vyombo. Nikanyamaza, nikasikiliza.

"Wako yupo huku," Mama Jirani akajibu. "Anakula."

Nikarudi jikoni.